Antena Fupi kwenye Mto Athi

Chifu alizungusha mnyororo kwenye mkuyu, akaupitisha kwenye pete ya chuma iliyo mbele ya boti yetu, akabana kufuli. Rangi ilikuwa bado mbichi. Alipomaliza alijifuta kidole chenye buluu kwenye suruali ya kazi, akatugeukia sisi wanawake tuliokuwa tumesimama ukingoni na brashi mikononi.

“Hii itakaa hapa mpaka mvua iishe,” alisema. “Ama mpaka mnionyeshe vile mtaita msaada mkiwa katikati ya maji. Huku chini hakuna mtandao. Msimu uliopita injini ilizima, watu wakabebwa na maji mpaka kona ya pili, na sisi kule juu tunakunywa chai. Mimi sitazika mtu kwa sababu ya boti.”

Lazima nikubali kwamba hilo la injini lilikuwa kweli. Watu wote walitoka salama, lakini walitoka kwa sababu mti ulioanguka uliwazuia, na si kwa sababu kuna yeyote aliyejua walipo.

Asiyekujua kwetu atashangaa boti inatafuta nini Ukambani. Kiangazi, Mto Athi ni mchanga na madimbwi. Tunauvuka kwa miguu tukiswaga mbuzi, huku tukiangalia mamba wamelala wapi. Upande wetu ni Kitui, mteremko wa chini ukitoka Kanyangi. Ng'ambo ni Makueni, na juu ya kilima cha ng'ambo, nyuma kidogo ya bega la mwamba, liko paa la kijani la zahanati. Kiangazi unafika huko kabla jasho halijakutoka vizuri. Mvua ikija mto unakuwa ukuta. Kuzunguka hadi darajani ni safari ya siku nzima, na barabara yenyewe ikinyeshewa inakuwa uji.

Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa ukingoni, chini ya turubai, mto ukiwa umejaa, na paa lile la kijani tukiliona kwa macho yetu. Mtoto alilia upesi. Mama yake, binti yangu, alitokwa na damu nyingi hadi midomo yake ikawa na rangi ya majivu, nami nilimshika nikiangalia paa. Alipona. Lakini wakati chifu anabana kufuli, binti yangu alikuwa na mimba ya pili, na ukihesabu vizuri, siku zake ziliangukia katikati ya mvua ndefu. Kufuli lile lilimfungia upande usio na muuguzi.

“Nitaweka redio,” nilimwambia chifu. “Ile ya boti. Ile wanatumia baharini.”

“Baharini!” Alicheka mpaka akashika mti. “Mwaitu, mama yangu, bahari iko wapi hapa? Hata mvua yenyewe tunaombea kanisani.”

“Wewe shika ufunguo wako vizuri,” nilisema. “Usipotee. Nitauhitaji.”

Redio sikuzijulia shuleni. Nilikaa miaka mingi Mtito Andei, katika kibanda kando ya kituo cha mafuta, nikitengeneza redio za malori. Dereva akija na antena iliyopindika nilimwekea nyingine, lakini kwanza nilimweleza kwa nini ile ilimwangusha, kwa sababu sipendi mtu aondoke na kitu asichokielewa. Walizoea kuambiana, nenda kwa yule mama, utapewa antena na masomo. Niliporudi nyumbani na kujiunga na kikundi cha wanawake walionunua boti kuukuu kutoka pwani, ikaletwa juu ya lori kwa barabara ya Mombasa na kukaa kwangu uani msimu mzima wa ukame, watu walipita wakiuliza Nuhu ameenda wapi. Tuliizoea sauti ya kuchekwa.

Redio tulikwisha kuipata. Kibali nacho kilitoka baada ya safari nyingi, kwa sharti kwamba tutumie nguvu ndogo peke yake, na redio ya pili ikae zahanati. Kilichobaki ni antena, na hapo ndipo nilipogombana na watu wangu mwenyewe.

Mweka hazina wa kikundi chetu ana hoteli ya chapati sokoni na hajawahi kusema jambo kwa sauti ya chini. Mwanawe hufanya kazi pwani. Aliposikia habari zetu alituma antena kwa basi, zawadi, imefungwa kwa magazeti: fimbo nyeupe ya kung'aa, ndefu kumpita mwanamume mrefu na kubaki. Wanawake wa kikundi waliibeba kutoka stendi mabegani kama wanaobeba jeneza la mkubwa.

“Hii ni nzuri,” nilisema, “lakini si ya boti yetu. Tunataka fupi.”

“Fupi?” Mweka hazina aliniangalia kama niliyetukana kanisa. “Mwenzangu, uliona wapi antena fupi ikashika?”

Nilimwelewa, kwa sababu hiyo ni imani yetu sote. Huku kwetu kila boma lenye televisheni lina mti wa mkaratusi uliosimamishwa uani, na anayepata picha safi ni yule ambaye mti wake umepita wa jirani. Kupiga simu unapanda kilima. Kuna mti mmoja njia ya Zombe ambao watu huning'iniza simu ndani ya mkebe ili ujumbe uingie. Tumelelewa tukijua kwamba mawasiliano yako juu, na mwenye kirefu ndiye mwenye habari. Mtu aliyekulia hivyo ukimpa antena mbili achague, mkono wake utaenda kwenye ndefu kabla hujamaliza kuuliza.

Nilijaribu kueleza. Walipiga kura. Nilishindwa, wote wakainua mikono isipokuwa mimi na nahodha, na nahodha hakuwa na kura.

Nahodha wetu ni Mwislamu wa Kitui mjini. Babu yake alikuja kutoka pwani kuuza nguo. Kwa sababu ya kofia yake kila mtu anaamini alizaliwa ndani ya mashua. Ukweli ni kwamba alijifunzia boti hapahapa, mimi nikiwa mbele yake nimeshika pande kwa mikono yote miwili.

“Usijali, Mama,” alininong'oneza. “Maji yatawapigia kura yao.”

Siku ya majaribio chifu alifungua kufuli, akavaa koti la kuokolea lililombana tumbo, akaingia. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha mbali huko juu, na maji yalikuwa yameshapanda na kubadilika rangi. Tulikuwa tumefunga ile ndefu nyuma, kando ya kiti cha nahodha. Pale ukingoni, boti ikiwa imetulia, nilibonyeza nikaita. Sauti ya muuguzi ilitoka wazi kama yuko ndani ya boti.

“Nawapata vizuri sana! Ova.” Ova ni neno la redio: nimemaliza, zamu yako.

Ukingo mzima ulilipuka kwa vigelegele. Mweka hazina alinigeukia, mikono kiunoni.

“Sema tena fupi!”

Tukaingia kwenye mkondo. Boti ndogo ndani ya maji yanayokimbia haikai. Inalala upande huu, inainuka, inalala upande ule, na fimbo ile ndefu ilikuwa ikifagia mbingu kutoka Kitui hadi Makueni. Niliita. Kilichorudi ni vipande: “…oti… siku… rudia…” Kisha mkwaruzo. Kisha neno moja safi, “ova,” na baada yake kimya. Niliita tena na tena. Chifu alikuwa ameshika ubao kwa mikono yote miwili, na hakuwa anacheka.

“Tosha,” alisema. “Nimesikia. Ama nimekosa kusikia.”

Tulirudi. Wote walishuka, na chifu akachukua mnyororo. Mimi nilibaki nimeketi.

“Mwaitu, shuka nifunge.”

“Funga.”

“Uko ndani!”

“Nimeona. Funga na mimi ndani. Mvua ikija utakuwa na wa kuzika, ile kazi uliyosema hutaki.”

Sikuwa nimepanga maneno hayo. Miguu yangu ilikuwa ndani ya maji machafu ya chini ya boti, lakini niliona wazi kwamba nikishuka, sitapanda tena, na binti yangu alikuwa pale juu ukingoni, amekalia jerikani, mkono juu ya tumbo. Hakuniita nishuke. Chifu alisimama na kufuli lake mkononi mpaka jua likamchoma.

“Mara moja tu,” alisema mwishowe. “Siku ya soko. Ikikataa, hutaniona nikibembelezana na mtu.”

“Ikikataa nitafunga mwenyewe,” nilisema, nikashuka.

Asubuhi yake niliingia jikoni kwa mweka hazina. Alikuwa akikanda unga na hakutaka kuniangalia. Nilichukua madonge mawili ya chapati yaliyo sawa.

“Haya ni nguvu ya redio yetu,” nilisema. “Ni sawa?”

“Umeosha mikono?”

“Nimeosha. Ni sawa?”

“Ni sawa.”

“Antena haiongezi unga. Hilo ndilo watu hawajui. Inafinyanga tu ule uliopo. Antena fupi inauacha hivi, donge nono, limejaa pande zote.” Nilichukua la pili nikalisukuma kwa mti wake wa chapati mpaka likawa pana na jembamba. “Ndefu inausukuma hivi. Unga ni uleule, lakini sasa unafika mbali, kwa sababu umebanwa usiende juu wala chini. Antena imesimama hapa katikati ya chapati.” Niliinua chapati ile mbichi juu ya kiganja, nikaiweka sawasawa na meza. “Boti ikitulia, sauti inaenda mbali. Sasa boti inalala.”

Nikainamisha kiganja. Ukingo mmoja ulielekea dari, mwingine sakafu.

“Huu unaongea na ndege. Huu unaongea na mamba. Na zahanati, tena, haiko ng'ambo sawa na sisi. Iko juu kilimani. Chapati inapita chini yake hata kabla hatujayumba.” Nililiinua lile donge nono na kulizungusha kila upande. “Hili, lilaze unavyotaka. Bado lina unga upande wa zahanati.”

Aliacha kukanda. Alilichukua donge, akaliinamisha, akaliinua, akaiangalia chapati.

“Kwa hiyo ya mwanangu ni chapati.”

“Ni chapati nzuri sana. Kwa meli kubwa isiyoyumba, ama juu ya nyumba, ningechagua hiyo.”

“Na wewe unataka andazi.”

“Nataka andazi.”

“Asi!” alishangaa kwa Kikamba. “Ungeniambia hivyo kabla ya kura.” Alijikung'uta unga. “Nimeumia, lakini nimeelewa. Sasa toa mikono kwa unga wangu.”

Antena fupi niliipata kwa rafiki wa zamani wa Mtito Andei, aliyenitumia kwa lori. Nilimsisitizia iwe ya boti, kwani ya lori ingetuangusha. Antena ya lori hutegemea bati la paa; bati lile ni nusu ya kazi yake. Boti yetu ni ya fiberi, haina chuma cha kuegemea, kwa hiyo ilihitaji ile iliyotengenezwa kujisimamia yenyewe. Ilikuja ndani ya mfuko wa unga, fimbo ya kama mita moja, nyembamba, na nahodha aliitazama kwa huruma.

“Mama, hii ni ya kuchokonolea mahindi.”

“Basi shika mti wa mlingoti tuanze.”

Kwa sababu ufupi wa antena haukatazi kuiinua. Hapo watu wetu walikuwa na haki, na niliwaambia hivyo: kimo kinasaidia, mradi antena zionane. Tulichonga mlingoti wa mkau, mti wetu ambao mchwa hawautaki na maji hayauozeshi upesi, tukaufunga nyuma kwa boliti, mbali na injini na mbali na vyuma vinavyoshika turubai la kivuli, kwa sababu chuma kilicho karibu hufunika sauti kama mkono unaofunika mdomo. Juu yake tuliweka kitako chenye bawaba, ili nahodha aweze kuilaza antena tunapoingia chini ya migunga ya upande wa pili. Bila bawaba, mwiba wa kwanza ungekuwa mwisho wetu.

Halafu waya. Mtu mmoja alikuwa ameniletea waya wa televisheni, akiapa kwamba ni uleule. Unafanana kwa nje tu. Redio ikisukuma sauti ndani yake, sehemu inarudi nyuma kama maji yaliyokutana na bomba la upana mwingine. Nilitumia ule wa redio yenyewe, mnene, nikaukata mfupi kadiri ulivyoweza kufika, maana kila hatua ya waya inakula sauti kidogo. Niliulehemu kwenye kichwa chake polepole, nikaupulizia upoe, nikaufunga kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe. Kabla waya haujaingia kwenye boksi la redio niliuachia tumbo lining'inie chini, ili maji yanayoteremka yafike pale yadondoke badala ya kuingia ndani.

“Hata waya una mimba,” alisema binti yangu, aliyekuwa amekuja kutuangalia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania tangu siku ya kufuli.

Siku ya soko watu waliacha nyanya zao wakashuka mtoni. Chifu alivaa koti lake, akafungua, akaingia. Mweka hazina aliingia bila kualikwa, na wanawake wengine watatu nyuma yake. Lakini mvua ya juu ilikuwa imepumzika, na tulipofika katikati mto ulikuwa umelala kama blanketi. Niliita. Muuguzi alijibu, wazi kabisa. Chifu alitikisa kichwa.

“Leo maji imelala. Hata mbuzi ingeongea. Ile siku ingine ilianza vizuri pia. Nitajuaje?”

Nilifikiri nitalia. Halafu nikaona hasira ina faida yake.

“Mamangu,” nilimwambia mweka hazina, “simama. Nyote simameni na mshike bomba la kivuli. Yumbisheni boti.”

“Yumbisha?” nahodha aliruka. “Ya Rabi! Mnataka kutuzamisha ndipo tujue kuita msaada?”

“Kulia!” nilisema. “Kushoto!”

Walielewa mara moja, na walifanya kwa roho yote. Mweka hazina ana uzito wa kuheshimika na aliutumia wote. Boti ililala mpaka maji yakapiga mstari wa rangi mpya, ikainuka, ikalala upande mwingine. Walianza kuimba ule wimbo wa kutwangia, mguu huu, mguu ule. Ile fimbo ya kuchokonolea mahindi ilichora anga huku na huku. Chifu alikuwa ameukumbatia mlingoti wa mkau. Mimi nilibonyeza.

“Boti kwa zahanati. Tunayumba vibaya. Mnatusikia? Ova.”

“Nawasikia vizuri,” sauti ya muuguzi ilirudi, nzima, haikukatika hata silabi. “Nasikia pia nyimbo. Kuna harusi huko? Ova.”

“Ni chifu tunamchezesha ngoma,” nilisema. “Ova.”

“Nipe,” chifu alisema. Aliachia mlingoti kwa mkono mmoja, akachukua kipaza sauti, akasema kwa kishindo, “Huyu ni chifu! Unanisikia?” Hakuna jibu. Alinigeukia, karibu afurahi. “Unaona?”

Nilimshika kidole gumba nikakiweka kwenye kitufe. “Finya. Ngoja kidogo. Ndipo useme. Ukimaliza uachie, kwa sababu ukiendelea kufinya huwezi kusikia mtu mwingine.”

“Hata nyumbani ni hivyo,” alisema mweka hazina, akihema. Chifu alifinya, akangoja, akasema. Zahanati ikamjibu kwa heshima zote. Aliachia kitufe, akakitazama, kisha akatoa ufunguo uliokuwa shingoni mwake kwa uzi na kunipa. Niliuvaa.

Uchungu wa binti yangu ulianza asubuhi, mvua ikiwa imenyesha siku nyingi mfululizo. Mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa na ulikuwa ukibeba matawi na mizizi. Chifu mwenyewe ndiye aliyeshika kamba wakati tunamlaza kwenye godoro chini ya kivuli. “Iteni mapema,” alisema. “Msingoje mpaka kati.” Sikumwambia kwamba hayo ndiyo niliyokuwa nimemfundisha nahodha.

Tuliita kutoka ukingoni. Tuliita tena tulipoingia kwenye mkondo, na boti ikaanza kulala na kuinuka kuliko siku ile ya ngoma. Nilikuwa na mkono mmoja kwenye paji la uso wa binti yangu na mwingine kwenye kipaza sauti.

“Uchungu unakuja kila baada ya muda gani? Ova,” aliuliza muuguzi.

Nilimweleza. Alinielekeza nimgeuze upande wa kushoto, nimweke kitu mgongoni, nimwambie asisukume bado. Nilifanya kila kitu kama nilivyoambiwa. Shina zima la mti lilipita karibu nasi na nahodha akalikwepa akitaja jina la Mungu, boti ikalala mpaka nikaona maji usawa wa macho yangu, na sauti ile ya muuguzi iliendelea kuzungumza, tulivu, bila kukatika, kama mtu aliyeketi kitandani kwako.

“Mama,” binti yangu alisema akibana meno, “tutafika?”

“Wanatusikia,” nilimjibu. “Sikiliza.”

“Machela imeshateremka,” redio ilisema. “Tunawaona sasa. Lazeni antena, msiguse migunga. Ova.”

Nahodha aliilaza antena kwenye bawaba yake, tukapita chini ya miiba. Wale watu wa machela walikuwa wamesimama ndani ya maji hadi magotini, mikono imenyooshwa, kabla boti haijagusa mchanga wa Makueni.